Jarida Lisilouzwa: Kanuni za Jalada Zilitoka Wapi?

Kuna kitu kidogo kwenye jarida la muziki la mwanafunzi ambacho watu wengi hukipita bila kukitazama mara mbili. Kiko chini, pembeni kabisa: msimbopau, ile mistari myeusi na myeupe ambayo mashine ya dukani huisoma ili ijue bei. Karibu nayo pameandikwa bei yenyewe kwa pauni, na tarehe ya toleo. Sasa, jarida hili halitauzwa popote. Nakala zake ni moja au mbili, na msomaji wake wa uhakika ni mwalimu mwenye kalamu ya kusahihisha. Hakuna duka, hakuna mashine, hakuna mteja. Lakini mistari ipo, na mwanafunzi akiisahau huenda akaulizwa mbona jarida lake halifanani na jarida.

Kazi za namna hii nimezipitia nyingi kwa sababu ya rafiki yangu wa siku za chuo ambaye sasa ni mwalimu Uingereza. Huko, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, bodi ya mitihani ya OCR iliwapa wanafunzi wa somo la vyombo vya habari, vijana wa miaka 16 na 17, kazi iliyokuja kujulikana sana madarasani: buni jarida jipya la muziki. Tengeneza jalada, ukurasa wa yaliyomo, na makala moja ya kurasa mbili zinazotazamana. Picha ziwe zako mwenyewe, zisipungue nne. Ukimaliza, andika tathmini ya kazi yako, na swali la kwanza la tathmini lilitaka ueleze jinsi kazi hiyo ilivyotumia, ilivyoendeleza au ilivyopinga kanuni za majarida halisi.

Swali zuri sana. Majibu ndiyo yaliyonishika, kwa sababu karibu yote yanaimba wimbo mmoja. Nimeweka jina la jarida juu kwa herufi nene kwa sababu majarida halisi hufanya hivyo. Nimeweka picha moja kubwa ya msanii akitazama kamera kwa sababu majarida halisi hufanya hivyo. Nimetumia rangi tatu, nimeweka chati, nimeweka nukuu iliyokuzwa katikati ya makala, nimeanza aya ya kwanza kwa herufi kubwa inayoshuka mistari mitatu. Kwa nini? Majarida halisi hufanya hivyo.

Siwacheki vijana hawa. Kazi zao ni safi, nyingine safi kuliko magazeti ambayo mimi mwenyewe nimelipwa kuyapanga. Lakini sababu hiyo si sababu. Ni sawa na kumwuliza mtu wa Lamu kwa nini nyumba ya babu yake ina baraza, naye akujibu kwamba nyumba zote za mtaani zina baraza. Ndiyo, lakini baraza ilijengwa ili mtu fulani aketi, apokee wageni bila kuwaingiza ndani. Kila kanuni ya jalada nayo ilijengwa kwa ajili ya mtu fulani mwenye shida fulani. Hebu tuzipitie baadhi ya kanuni hizo, tuone shida ilikuwa gani.

Tuanze na jina. Kanuni inasema likae juu kabisa, lianzie kushoto, na maneno ya kuvutia yapangwe upande huo huo. Wabunifu wa Uingereza huizungumzia sana theluthi ya kushoto ya jalada, kwamba hiyo ndiyo inayouza. Kwa nini kushoto? Jibu liko kwa seremala. Kwenye maduka ya magazeti ya huko, majarida hupangwa kwenye rafu yakilaliana kama vigae vya paa, hili likifunika ubavu wa lile, kila moja likichungulia kwa upande wa kushoto tu. Rafu ikiwa ya ngazi, la mbele hufunika sehemu ya chini ya la nyuma, inabaki juu. Ukiziweka hali hizo mbili pamoja, kona ya juu kushoto ndiyo sehemu pekee ambayo jarida lina hakika ya kuonekana. Kwa hiyo kilichoamua jina likae pale ni upana wa rafu kabla ya kitu kingine chochote.

Linganisha na Nairobi. Muuzaji wa magazeti na majarida ya mitumba hutandika nailoni kando ya njia akayapanga yakitazama mbinguni, au akayabana kwa vibanio vya nguo kwenye kamba na wavu. Mpita njia huliona jalada zima, kutoka pembe hadi pembe, tena akiwa amesimama juu yake. Hapo theluthi ya kushoto haina cheo chochote kuliko theluthi ya kulia. Na jarida kama Pulse, lililokuwa likija ndani ya gazeti la The Standard siku ya Ijumaa, halikuhitaji hata kupigania nafasi. Lilibebwa na gazeti kama mtoto mgongoni mwa mama. Lakini mpanga kurasa wa Kenya, nikiwemo mimi, hupanga kwa theluthi ya kushoto vilevile. Tulirithi rafu ambayo wasomaji wetu wengi hawajawahi kusimama mbele yake.

Kanuni ya pili ni uso. Mwanafunzi huambiwa msanii atazame kamera, ili macho yake yakutane na ya mnunuzi. Hiyo nayo ina tarehe zake, maana majarida ya muziki hayakuanza na nyuso. Billboard, ambalo leo ni jina kubwa la chati, lilianza Cincinnati, Marekani, mwezi Novemba 1894 kama jarida la wafanyabiashara wa kubandika mabango ya matangazo. Jina lenyewe ni ubao wa mabango. Melody Maker lilianzishwa London Januari 1926 na mchapishaji wa nyimbo, Lawrence Wright, na msomaji aliyekusudiwa alikuwa mpiga ala wa bendi za dansi. Mtu wa kazi hiyo hanunui jarida kwa sababu saksafoni fulani imemkonyeza. Analinunua ili ajue kazi iko wapi, ala gani mpya imeingia madukani, nani anaajiri. Uso wa staa ulitawala jalada pale msomaji alipobadilika, alipoacha kuwa fundi wa muziki akawa shabiki. Kwa maneno mengine, ule uso mkubwa ni alama ya kuhama kwa mteja.

Kuna jambo linalokwenda pamoja na uso ambalo hunifurahisha kila nikiliona kwenye kazi za wanafunzi. Kichwa cha msanii hufunika sehemu ya jina la jarida. Majarida makubwa hufanya hivyo: nywele za mwimbaji zinameza herufi mbili za katikati, na bado unalijua jarida ni lipi. Unalijua kwa sababu umeliona mara mia. Kuficha jina lako ni majivuno ya aliyekwisha kujulikana. Sasa mwanafunzi ametunga jina jipya kabisa, ambalo hakuna binadamu aliyewahi kulisoma, na kwenye toleo la kwanza analifunika kwa kichwa cha rafiki yake. Ameiga cheo kabla ya kupanda ngazi. Kwa mtihani, huo ni ufuataji mzuri wa kanuni. Njiani, ingekuwa ni kumsalimia mtu kwa jina la nusu akiwa hakujui.

Chati nayo ina hadithi. Mwaka 1952 Maurice Kinn alinunua gazeti la muziki la London lililokuwa taabani, akalibadilisha likawa New Musical Express, ambalo dunia ililijua kama NME. Mtu wake wa matangazo, Percy Dickins, alishika simu akapigia maduka kama 20 ya santuri, akauliza kila moja ni zipi zilizouzwa zaidi wiki hiyo. Akajumlisha. Tarehe 14 Novemba 1952 gazeti likatoa orodha yenye nafasi 12, na nambari moja alikuwa Mmarekani Al Martino na wimbo wa Here in My Heart. Hiyo ndiyo chati ya kwanza ya mauzo ya santuri Uingereza. Angalia aliyeitengeneza ni nani: mtu wa matangazo. Kampuni za santuri zilitaka kujiona kwenye orodha, na zikijiona zingenunua nafasi ya tangazo kando yake. Chati ilikuwa habari, sawa, lakini ilikuwa pia chambo. Mwanafunzi anapoweka kisanduku cha nyimbo kumi bora alizozitunga mwenyewe kichwani, bila simu, bila duka, bila mtangazaji, amebakiza umbo la kisanduku tu.

Rangi ni fupi kueleza. Wanafunzi husema rangi tatu huleta umoja, na ni kweli jicho hupumzika. Lakini kabla ya programu za kompyuta, kila rangi ya ziada ilidai sahani yake ya uchapaji na wino wake, na mwenye jarida dogo alihesabu sahani jinsi mama wa nyumbani anavyohesabu vijiko vya sukari tarehe 28. Nyeusi ilikuwa lazima. Nyekundu ukiweza. Karatasi yenyewe ikakupa nyeupe bure. Hapo una rangi tatu kwa gharama ya mbili. Umaridadi ulikuja baadaye kuubariki umaskini.

Kurasa mbili zinazotazamana nazo zina ukweli ambao skrini imeuficha. Kwenye jarida la karatasi kuna mfereji katikati, pale kurasa zinapokutana, na chochote unachokiweka hapo kinazama. Katikati kabisa ya jarida lililobanwa kwa pini ndipo pekee karatasi ni moja inayopita kutoka kushoto hadi kulia, ndiyo maana mabango ya ukutani yalikaa hapo. Vijana wa Uingereza wa miaka ya 1980 walijua kuzifungua zile pini polepole, wakaitoa picha bila kuichana, hasa kwenye Smash Hits, jarida la Nick Logan la mwaka 1978 lililochapa maneno ya nyimbo ili msomaji aimbe nayo. Wanafunzi wengi hupanga kurasa zao mbili kwenye kompyuta kama picha moja pana. Nimeona uso wa mwimbaji umewekwa barabara katikati, pua yake juu ya mfereji. Kwenye skrini ni mrembo. Kwenye karatasi, pua hiyo hatungeiona tena.

Tukifika kwenye ukurasa wa yaliyomo, tunamkuta tena Logan. Mwaka 1980 alianzisha The Face, na mwaka uliofuata Neville Brody akaanza kuibuni sura yake. Brody alilichukua neno linalosimama juu ya ukurasa wa yaliyomo, neno ambalo kila jarida huliandika wazi, akalivunja taratibu. Toleo baada ya toleo herufi zilipoteza mkono, zikapoteza mguu, mpaka zikawa alama tu ambazo mgeni asingezisoma. Wasomaji wa kila mwezi hawakupotea. Walishajua ukurasa ule ni wa kitu gani, maana walikuwa wamefuatana naye hatua kwa hatua. Huko ndiko kupinga kanuni kunakozungumziwa na swali la mtihani, na utaona kulihitaji kitu ambacho mwanafunzi hana: toleo la pili, la tatu, la kumi. Kanuni huvunjwa mbele ya watu wanaoikumbuka. Mwenye toleo moja hawezi kuvunja ahadi ambayo hajawahi kuitoa.

Na ule msimbopau? Bidhaa ya kwanza kusomwa na mashine dukani ilikuwa pakiti ya bigijii za Wrigley's, kwenye supamaketi moja mjini Troy, jimbo la Ohio, tarehe 26 Juni 1974. Miaka michache baadaye mistari ikaingia majaladani, na haikupokewa kwa shangwe. Wabunifu waliiona kama doa. Jarida la vichekesho la Mad, kwenye toleo lake la Aprili 1978, lililipiza kisasi: lilichapa msimbopau mkubwa ukajaza jalada zima, likiwa na matumaini ya utani kwamba utazikwamisha kompyuta za nchi nzima. Kitu kilichoingia kwa nguvu za wenye maduka, kikalaaniwa na wasanii, leo mwanafunzi anakitafuta kwenye intaneti, anakinakili, anakibandika kwa hiari yake mwenyewe, ili jarida lake lionekane la kweli. Kumbe hata doa likikaa miaka mingi hugeuka kuwa urembo.

Kufikia hapa msomaji anaweza kunirudi. Si kila fundi huanza kwa kuiga? Mwanagenzi wa seremala hufanya kiti kama cha mwalimu wake kabla ya kufanya cha kwake. Ni kweli, na historia ya majarida ya muziki inakubaliana naye. Jann Wenner alikuwa kijana wa miaka 21 aliyeacha masomo Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambako aliandika safu ya muziki kwenye gazeti la wanafunzi. Tarehe 9 Novemba 1967, pamoja na Ralph Gleason, mhakiki wa jazi wa makamo, alitoa toleo la kwanza la Rolling Stone kule San Francisco, na John Lennon jaladani katika vazi la kijeshi la filamu. Mtaji ulikuwa dola 7,500 za kukopa kwa ndugu na marafiki. Na ile sura ya kurasa zake, mistari miwili mizito na myembamba iliyozunguka safu kama fremu ya picha ya harusi? Wenner aliichukua kutoka Sunday Ramparts, gazeti alilokuwa akilifanyia kazi kabla halijafungwa. Jina la jaladani lilichorwa na Rick Griffin, msanii wa mabango ya matamasha. Kwa hiyo jarida lililokuja kuwa mfano wa majarida yote ya muziki lilianza kwa kuvaa nguo za marehemu.

Basi kuiga hakukumzuia Wenner. Tofauti iko wapi? Ili tuione, turudi nyuma mwaka mmoja na miezi kadhaa, kwa mwanafunzi hasa.

Paul Williams alikuwa na miaka 17, mwaka wake wa kwanza katika Chuo cha Swarthmore, karibu na Philadelphia. Alitoka kwenye ulimwengu wa mashabiki wa hadithi za sayansi, watu waliokuwa wakitoa vijarida vyao wenyewe na kutumiana kwa posta. Tarehe 7 Februari 1966 alitoa toleo la kwanza la Crawdaddy!, akilipa jina la klabu ya viungani mwa London ambako bendi ya Rolling Stones ilipiga siku zake za mwanzo. Kilikuwa kijarida cha kurasa kumi, kilichopigwa taipu na kuchapwa kwa mashine ya stensili, ile ile tuliyoiita saiklostaili, ambayo kizazi kizima cha Wakenya kinaikumbuka kwa harufu ya wino kwenye karatasi za mtihani. Saiklostaili haikuruhusu uso mkubwa unaokutazama machoni. Haikuruhusu rangi tatu. Msimbopau haukuwa umefika majaladani.

Kilichokuwemo ni maandishi. Williams aliona kwamba majarida ya wakati ule ama yaliwauzia wasichana picha za waimbaji, ama yaliwahesabia wafanyabiashara mauzo. Rock ilikuwa ikisikilizwa na mamilioni, lakini hakukuwa na mahali ambapo mtu angekaa na albamu mpya akaiandikia kwa uzito ule ule ambao wengine waliipa jazi au kitabu. Akaamua pawepo. Nakala zikatumwa kwa kampuni za santuri na wasanii wenyewe. Paul Simon akaisoma tahakiki ya muziki wake, akampigia simu yule mwanafunzi. Kijana wa miaka 17, kijarida kisicho hata na jalada la kusifiwa, na mwanamuziki anayeheshimika upande wa pili wa laini. Simon alikuwa ameona kwamba kuna mtu aliyesikiliza.

Miaka kumi baadaye, Julai 1976, mambo yalijirudia London kwa sura nyingine. Mark Perry, karani wa benki wa miaka 19, aliwasikia Ramones, akatafuta habari zao kwenye magazeti ya muziki, akaona hazitoshi. Akatengeneza Sniffin' Glue. Alitumia taipureta, vichwa vya habari akaviandika kwa mkono kwa kalamu nene ya wino, makosa akayakata kwa mstari na kuendelea, kurasa zikatolewa fotokopi. Toleo la kwanza lilikuwa nakala chache tu, kama 50. Mwaka uliofuata alipolifunga, nakala zilikuwa zimefika maelfu. Perry hakuwa akipinga kanuni ili apate alama. Hakuwa na fonti. Hakuwa na muda pia, kwa sababu bendi alizozipenda zilikuwa zikipiga wiki hiyo hiyo, si muhula ujao.

Unajua kilichofuata? Mwandiko ule wa haraka ukawa mtindo. Leo mwanafunzi anayetaka jarida la punk anapakua fonti iliyotengenezwa na kompyuta ili ionekane imeandikwa na mtu mwenye haraka. Herufi moja ikitokea mara tatu, imechafuka mahali pale pale mara tatu. Kama angetaka kweli kufuata mfano wa Perry angechukua kalamu iliyo mezani, bure, na angemaliza kabla ya chakula cha jioni.

Hapo ndipo ninapoiona tofauti. Wenner aliazima fremu, Williams aliazima mashine ya mashabiki wa hadithi za sayansi, Perry akaazima fotokopi. Wote watatu waliiga kitu. Lakini kila mmoja alianza na kelele kichwani: kuna muziki unapita na hakuna anayeuandika ipasavyo. Umbo lilikuja likifuata hitaji, kama maji yanavyofuata mfereji. Kazi ya mtihani inageuza mpangilio huo. Inaanza na umbo, halafu inamwambia kijana atafute cha kumimina ndani. Ndiyo maana ukisoma makala za kurasa mbili, sehemu ambayo ingepaswa kuwa moyo wa jarida, mara nyingi utakuta mahojiano na msanii wa kubuni, ambaye ni rafiki wa darasani aliyeshika gitaa la kaka yake, anayezungumzia albamu isiyokuwepo. Herufi ya kuanzia imeshuka mistari mitatu kwa unyenyekevu. Nukuu imekuzwa. Hakuna aliyesema kitu.

Na wakati huo huo, majarida halisi yaliyokuwa mfano yalikuwa yakizimika moja baada ya jingine. Melody Maker lilimezwa na NME mwishoni mwa 2000. Smash Hits likafungwa Februari 2006. NME likaanza kugawiwa bure mwaka 2015, na Machi 2018 toleo la kila wiki la karatasi likakoma. Jarida la Q, lililozaliwa 1986, likaaga Julai 2020. Kijana aliyepata alama nzuri kwa kuijua theluthi ya kushoto alitoka shuleni akakuta rafu yenyewe inang'olewa.

Jambo hili lingeweza kubaki la Waingereza, tukalitazama kwa mbali. Lakini linatugusa. Nairobi ya miaka ya 1970 ilikuwa mji wa santuri. Barabara ya River Road na vichochoro vyake vilijaa maduka, studio na watayarishaji, benga na rumba zikitoka kwa lugha kadhaa. Mengi ya yale yaliyoandikwa kuhusu muziki huo siku zile yalipita kwenye kurasa za burudani za magazeti, na gazeti la jana tunajua huishia wapi: kufungia nyama, kufungia maandazi. Mkusanyaji wa santuri akishika sahani ya zamani leo, ana jina la wimbo, jina la bendi, labda jina la lebo. Nani alipiga gitaa la pili? Aliyelipiga alilipwa? Wimbo ulimsema nani? Kwa sahani nyingi hakuna pa kutazama, na wazee waliojua wanaondoka.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Kenya akipewa kazi hii, na shule zetu zinazofuata mitaala ya Uingereza hazipungukiwi na kazi za namna hii, kuna zaidi ya alama mezani. Anaweza kutengeneza jarida zuri la pop kuhusu msanii asiyekuwepo, na bei ya pauni kwenye kona. Au anaweza kupanda matatu, amtafute mzee mmoja aliyepiga besi River Road, amkalishe, amsikilize, akaandike kurasa mbili. Kanuni zote zitamfaa hapo. Picha itakuwa ya mtu halisi, na macho yake yakitazama kamera yatakuwa na neno la kusema. Nukuu itakuzwa kwa sababu ni nzito. Chati, akiitaka, ataipata kwa kufanya alichofanya Dickins: ashike simu aulize watu.

Rafiki yangu huniuliza ningeliongeza swali gani kwenye ile tathmini kama ningekuwa na uwezo. Nisingeliondoa la kwanza. Kanuni ni mali ya urithi, na mrithi asiyejua alichorithi hukiuza kwa bei ya kutupa. Ningeongeza moja tu baada yake: jarida lako lisipotoka, ni nani atakayekosa kitu? Paul Williams, akiwa na kurasa kumi za saiklostaili na bila picha ya staa, alikuwa na jibu. Mwanafunzi mwenye jibu hilo aruhusiwe kuusahau msimbopau.